Masika Hakuwa na Mimba

Benchi la kliniki ya akili mjini Kasese limetengenezwa kwa watu watano. Siku ya kliniki linakaliwa na wanane. Niliwahesabu, nikarudia, kwa sababu ndivyo nilivyo: nauza mawese pale mpakani Mpondwe, na muuza mawese asiyehesabu mara mbili hafiki Krismasi akiwa bado na biashara. Kama wewe unayesoma haya umebanwa kwenye benchi kama lile, mtoto wako anasinzia begani na bahasha ya vidonge iko mkononi, basi ni wewe ninayekuandikia. Mambo ya ubongo sitakueleza, siyajui. Nitakueleza yale ambayo ningependa mtu wa benchi anieleze wakati ule, badala ya kuniuliza kama tumeshaombewa.

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Beni, Congo, nimeolewa Bwera. Mume wangu, Bwambale, hununua kahawa milimani, kwa hiyo msimu wa kahawa ukianza mimi huwa na mume wa kwenye simu. Binti yetu wa kwanza ni Masika. Jina hilo kwetu halichaguliwi. Msichana wa kwanza huzaliwa nalo. Ndiyo maana pale kliniki muuguzi akiita "Masika!" wanasimama wanne, kila mmoja na mama yake.

Alikuwa na miaka kumi na mitano, mwaka wa pili wa sekondari, bweni. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza nilipopigiwa simu na shule. "Mama, njoo umchukue. Uje na mtu wa kubeba godoro." Shule ikikuambia mtoto anaumwa, unakwenda na maji ya kunywa. Ikikutajia godoro, ujue haimtarajii tena.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za ofisi, hajalala kwa siku kadhaa, midomo imekauka, anaongea haraka na mtu ambaye mimi sikumwona. Njiani hakunyamaza. Nyumbani ndipo nilipoelewa alichokuwa anasema. Yale malori yanayopanga foleni kwenye forodha, yakisubiri kuvuka kwenda Congo, yalikuwa yamebeba maboksi yenye jina lake. "Mama, waambie wafungue," alisema, amenishika mkono kwa nguvu za mwanaume. "Jina langu linaumia mule ndani."

Tunakaa karibu na barabara. Malori hayaishi. Kila lilipopiga honi, Masika alisimama kwenda. Mara mbili nilimkuta ameshafika kwenye kizuizi, pekupeku, anabishana na wapakuzi ambao walidhani amelewa. Kuanzia hapo nikafunga geti kwa kufuli na ufunguo nikaufunga kwenye ncha ya kitenge. Mawese nikamwachia jirani aniuzie, akaniuzia kwa bei ya ujirani. Mimi na mtoto wangu tukabaki mle ndani, mapazia yameshushwa, redio imefunguliwa ili majirani wasisikie. Usiniulize nani alikuwa mfungwa na nani askari. Ufunguo nilikuwa nao mimi, lakini sikutoka.

Watu tuliwaambia ana vidonda vya tumbo. Vidonda vya tumbo ni ugonjwa mzuri sana. Havionekani, kila mtu ana ndugu aliyewahi kuwa navyo, na hakuna anayeogopa kuoa kwenu kwa sababu yake.

Tulianza na maombi, kama kila mtu. Sitayasema vibaya, wale akina mama wa kanisani walikuja na uji wao, wakakaa naye, mmoja akamsuka nywele. Lakini hakulala. Kisha zikaja sindano za hospitali. Alilala, na siku ya tatu shingo ikapinda upande mmoja, macho yakageukia juu, ulimi ukawa mnene mdomoni. Nilipiga kelele ambayo redio haikuweza kuificha. Tulirudi hospitali mbio, wakamchoma sindano nyingine, na kabla sijamaliza kulia shingo ilikuwa imenyooka. Ilikuwa ni dawa tu, wakasema, hutokea, hasa kwa vijana. Hilo lijue mapema: shingo ikipinda usimwite mchungaji kwanza. Mpeleke mtoto hospitali.

Ndipo tukaelekezwa Kasese, kwenye benchi lile, na kwa kijana mmoja mwembamba mwenye viatu vya kung'aa ambaye sote tunamwita daktari na yeye amechoka kutusahihisha. Alimsikiliza Masika muda mrefu. Hata habari za malori alizisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza bei. Kisha akatoa kidonge kidogo cheupe. Jina lake siliandiki hapa, nisije nikakutuma dukani.

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni," alisema.

"Punguza kidogo, daktari. Bado ni mutoto."

Akaweka kalamu chini. "Mama, unauza nini?"

"Mawese."

"Basi, mimi siuzi. Dawa ikimsumbua, njoo tubishane hapa hapa, hata kutwa nzima. Usiende kubishana nayo nyumbani."

"Atameza mpaka lini?"

"Tuanze na mwezi huu."

Ninawajua wafanyabiashara wa namna hiyo, wasiotaja bei ya mwisho. Lakini nikampenda kwa kuwa hakunidanganya.

Wiki ya kwanza Masika alilala kama gunia. Ya pili aliamka kula na kurudi kulala. Mate yalilowesha mto. Nilikuwa nakaa mlangoni namtazama, namlaumu daktari, namshukuru daktari, vyote kwa pumzi moja. Kisha asubuhi moja ya soko, mvua zikiwa zinaisha, tulikuwa uani tunachekecha unga wa muhogo. Lori likapiga honi barabarani. Mikono yangu ikasimama. Masika hakuinua kichwa.

"Mama," alisema, "yale malori ni ya saruji tu."

Nikaendelea kuchekecha. Nilichekecha unga ule mpaka ukataka kuisha kwenye chekeche. Jioni nikatoa ufunguo kwenye kitenge, nikautundika kwenye msumari ambapo kila mtu angeuona.

Kidonge hicho kilikuwa na mambo yake mengine. Njaa ilikuja kama mgeni asiyeaga. Masika alimaliza bundu lake, ule ugali wetu wa muhogo, akamaliza la wadogo zake, akafuata ukoko. Sketi ya shule haikupanda. Uso ukavimba, mikono ikawa mizito. Kikombe alikishika kwa uangalifu, kama mzee. Siku moja nilimkuta mbele ya kioo cha baba yake cha kunyolea.

"Mama, huyu ni mimi au ni dawa?"

Nilimwambia aje tule.

Siku ya kliniki Kasese ni Jumanne, na Jumanne ni siku ya soko Mpondwe. Kahawa ilipokwisha na Bwambale akashuka milimani, tukagawana: mimi sokoni, yeye kliniki na mtoto. Alikwenda naye miezi kadhaa, na kila mara walirudi mapema, wameridhika, na samaki wa Kahendero waliowanunua kando ya barabara pale Muhokya. Baadaye sana ndipo nilipojua jinsi mazungumzo yao na daktari yalivyokwenda. Daktari aliuliza usingizi. Aliuliza sauti. Kisha akauliza, kama anavyowauliza wasichana wote, "Na hedhi inakuja vizuri?" Bwambale akaanza kusoma kwa bidii picha ya mbu iliyobandikwa ukutani. Masika, aliyelelewa vizuri, akatazama viatu vya baba yake, akasema, "Iko sawa." Daktari akaandika iko sawa. Mwezi uliofuata vilevile, na uliofuata.

Kwetu msichana hawezi kulitamka jambo hilo mbele ya baba yake. Si kwamba amekatazwa. Neno lenyewe halitoki. Na mimi niliyeweza kuambiwa nilikuwa kwenye madumu ya mawese.

Basi kiangazi kikaingia, na kiangazi kikamleta wifi yangu Kabugho kutoka Kisinga, kuja kutusalimia. Kabugho ni dada mkubwa wa mume wangu. Ana moyo mzuri na macho ya mtu wa forodha: hakuna mzigo unaopita bila kufunguliwa. Aliketi barazani akimtazama Masika anavyofua. Chai ikapoa mkononi mwake.

"Mama Masika, hebu njoo huku ndani." Akafunga mlango. "Mtoto wako iko na maziwa."

"Maziwa gani?"

"Kwani iko maziwa ya namna ngapi? Tazama blauzi. Mimi nimezaa saba, wifi. Usinifundishe maziwa."

Nikachungulia dirishani. Kwenye blauzi ya Masika kulikuwa na madoa mawili yaliyolowa, na hayakuwa ya povu la sabuni. Nikatazama tumbo, nikatazama uso ulionenepa, nikaanza kufanya hesabu nisiyoitaka. Tukamwita.

"Mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa lini?" Kabugho aliuliza.

"Zamani. Tangu kahawa ilipokwisha."

"Na hukusema?"

"Nilidhani zimekwisha tu. Nilikuwa nashukuru."

"Ni nani?"

"Nani nini?"

"Mwanaume, wewe mtoto! Ni nani?"

"Hakuna mtu, shangazi. Kweli. Hakuna mtu."

Kabugho alimjibu kwa upole, na upole huo ndio uliokata. "Na malori je, mwanangu? Si hata yale uliyaona?"

Masika alifunga mdomo. Niliuona unavyofungwa. Nimeona wachuuzi wakinyang'anywa mzigo mpakani, na nawajua wale wanaopiga kelele na wale wanaokaa chini kimya. Alikaa chini kimya. Mtoto akishaitwa mgonjwa wa kichwa, neno lake ni kama noti iliyochanika: anaweza kuwa nayo mfukoni, lakini hakuna anayeipokea.

Mwanaume alipatikana haraka, maana watu wakimtafuta mwanaume hawakosi. Thembo, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye kibanda cha kuchaji simu karibu na kwetu. Ushahidi ulikuwa benchi lake: Masika alipenda kukaa pale Jumapili, kusikiliza muziki. Sheria ina neno lake juu ya mwanaume na msichana wa umri ule, na neno hilo ni jela. Lakini watu wa kwetu, kabla ya jela, hukaa kwanza, hunywa chai, hutaja mbuzi.

Walikuja kwetu, Thembo na mjomba wake Masereka, mzee mwenye koti la kanisani. Bwambale alikaa kama jiwe. Kabugho alisoma mashtaka. Mimi, Mungu anisamehe, nilipoona watu wawili wamekaa mbele yangu kuzungumza bei, mdomo wangu ulifanya kazi uliyoizoea.

"Mbuzi kumi na wawili," nilisema.

"Kumi na wawili!" Masereka akavua kofia. "Mama, huyu kijana anachaji simu. Unataka azae mbuzi?"

"Kuzaa si ameshaanza?"

"Sema watatu, na gharama za kujifungua."

"Watatu ni salamu, mzee. Sasa anza kuongea."

Tulikuwa tumefika mimi saba, yeye watano, na chai ilikuwa inaongezwa. Hapo ndipo nilipomtazama Thembo. Nimekaa sokoni miaka mingi, na kuna jambo moja nalijua kuliko Katekisimu: mtu aliyechukua kitu huanza kukipunguza. Husema ni kidogo, ni kibovu, tusaidiane. Thembo hakupunguza. Kila mjomba wake alipotaja namba, alitikisa kichwa, kwa watatu kama kwa kumi na wawili.

"Kijana," nikamwambia, "saba ni wengi? Tukuachie watano?"

"Mama, hata mmoja. Hata mguu wa mbuzi. Mimi sina deni hapa."

"Nyamaza wewe," mjomba wake alimnong'oneza, "tunakaribia kumaliza!"

Mimi ndiye niliyenyamaza. Nilisema kichwa kinaniuma, tutaendelea siku nyingine. Kabugho alinitazama kama mtu aliyeona jirani anarudisha chenji iliyozidi.

Asubuhi yake nilinunua vipimo viwili vya mimba, katika maduka mawili tofauti, visije vikawa vimetoka katoni moja. Vyote vikasema hakuna. "Hivyo vya China," alisema Kabugho. "Vinasema kile unachotaka." Jumanne nikaacha soko, nikaacha mume, nikapanda gari na Masika peke yetu mpaka Kasese.

Safari hii daktari alipouliza lile swali la hedhi, ukutani mbu alikuwa hana msomaji. Masika alinitazama mimi, kisha akasema yote: siku zilizokoma, maziwa, shangazi, Thembo. Daktari akaacha kuandika.

"Miezi yote ile uliniambia iko sawa."

"Baba alikuwa hapa."

Alifunga macho kidogo. Kisha akampima mwenyewe, akaja na jibu lile lile. "Masika, huna mimba. Hii ni dawa. Kwa baadhi ya watu inaudanganya mwili, mwili unadhani umezaa: unasimamisha hedhi, unatengeneza maziwa. Si laana, na kizazi chako hakijaharibika. Inarekebishika."

"Kwa hiyo aache?" niliuliza.

"Kuacha ghafla, hapana. Tunapunguza hii polepole, tunaingiza nyingine polepole. Hiyo nyingine wakati mwingine hatuna hapa, itabidi muifuate."

Masika alikuwa na swali lake. "Nikibadilisha, malori yatarudi?"

"Yanaweza kujaribu. Ndiyo maana lazima uniambie mapema, hata kama ni honi moja tu."

Alilia pale kwenye kiti, kwa mara ya kwanza tangu shuleni, na kilikuwa kilio cha kawaida, cha mtoto aliyeonewa. Nilifurahi kukisikia. Muhokya nilinunua samaki wakubwa bila kuuliza bei mara ya pili. Nilidhani nimetoka kifungoni.

Nilipomaliza kusimulia nyumbani, Kabugho hakubisha. Aliamini kila neno, na hapo ndipo mlango uliponifungia.

"Sawa," alisema. "Hakuna mimba. Sasa utawaambia nini watu?"

"Kwamba hakuna mimba."

"Na maziwa? Kijiji kizima imesikia maziwa. Utasema ni dawa. Watauliza dawa ya nini. Vidonda vya tumbo?" Akacheka bila furaha. "Wifi, vidonda vya tumbo haitoi maziwa. Utasema ni dawa ya kichwa. Na ukishasema kichwa, imekwisha. Mimba inapita. Msichana aliyezaa anaolewa, mimi mwenyewe nilizaa kabla. Ya kichwa haipiti. Haitabaki kwa Masika, itakwenda kwa wadogo zake wote."

"Unataka nini, dada?" Bwambale aliuliza.

"Tuseme imetoka. Thembo alipe kidogo tu, mbuzi wawili, yaishe. Mjomba wake atakubali, nimemwona. Watu watanyamaza. Na vidonge, tupa. Dawa inayotia mtoto maziwa ni dawa gani?"

Bwambale alitazama sakafu. "Labda kweli tuvitupe," alisema. "Amepona, si amepona?"

Nataka nikuambie ukweli, wewe wa kwenye benchi: ilikuwa bei nzuri. Mbuzi wawili na uongo mdogo, na kila mtu anakwenda nyumbani. Niliipima. Niliigeuza huku na huku nikitafuta ilipooza. Upande mmoja Masika mwenye mimba ambaye hakuwahi kuwa nayo, na Thembo mwenye hatia, kibanda chake tayari hakina wateja. Upande wa pili Masika mwendawazimu. Hakukuwa na bei ya tatu. Nilitazama kuta za sebule yangu, nikaona ni zile zile za siku za kufuli.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Alikuwa amesikia kila kitu. Nyumba yetu haina siri, ina pazia.

"Mimi sikuwa na mimba," Masika alisema. "Sitatoa kitu ambacho sikuwa nacho."

"Mwanangu, wewe huelewi..." Kabugho alianza.

"Naelewa, shangazi. Mnataka niwe malaya kwa sababu wazimu ni mbaya zaidi." Akamgeukia baba yake. "Baba, ukivitupa vile vidonge, usiku wa kwanza nitalala. Wa pili nitalala. Wa tatu, ni wewe utakayekaa getini na ufunguo? Au utakuwa kwenye kahawa?"

Sijawahi kumsikia mtoto akimwambia Bwambale maneno kama hayo. Nilijiandaa kusimama katikati yao. Lakini alichofanya ni kumtazama kama mtu anayesoma ankara na kukuta ni sahihi.

"Unataka kusema nini kwa watu?" alimuuliza. Ndiyo mara ya kwanza katika jambo lote hilo mtu kumuuliza.

"Ilivyo."

Jumapili jioni tulikwenda kwa Masereka, sote, hata Kabugho, ambaye alisema anakuja ili tu ashuhudie tunavyojiangamiza. Walikuwapo majirani, habari ya mbuzi huwa na majirani. Niliandaa maneno yangu njia nzima. Masika hakunipa nafasi. Alisimama na blauzi yake ya kanisani, imembana mikononi.

"Mimi ni mgonjwa wa kichwa," alisema. "Nilikuwa nasikia jina langu kwenye malori. Nameza dawa Kasese, na dawa ndiyo iliyonifanya hivi mnavyoniona, na ile habari ya maziwa pia. Nimepimwa mara tatu. Sina mimba. Thembo hajanigusa. Alinipa tu benchi."

Kuku alipita katikati yetu akatoka.

Thembo alijifuta uso kwa kiganja. "Asante," alisema.

Masereka alihitaji muda zaidi. "Kwa hiyo," alisema, akimgeukia Bwambale, "wale mbuzi watano..."

"Hakuna mbuzi, mzee."

"Hakuna hata wa kwetu? Maana kijana wangu mmemchafua."

Bwambale akasema yuko, tumemleta, amefungwa nje. Masereka akatoka kwenda kumtazama, akarudi akisema ni mdogo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikujibu. Wakati wa kuondoka Kabugho alimshika Masika mkono, akatembea naye mbele yetu njia nzima, na alipofika nyumbani aliniomba nimweleze tena, taratibu, kidonge kinamezwa na chakula au bila.

Sitakudanganya kwamba mji ulipiga makofi. Kabla Jumanne mbili hazijapita, Mpondwe yote ilijua. Mteja wangu wa siku nyingi alikataa kupimiwa mawese na mkono wa Masika. Watoto walimpigia honi kwa midomo. Shule ya zamani haikumtaka; anasoma ya kutwa sasa, amerudia mwaka.

Kubadilisha dawa kulichukua mvua nzima. Kuna wiki moja alikuja jikoni akasema, "Mama, leo yamenung'unika kidogo." Tulimpigia daktari, akasema turudi hatua moja nyuma, tupunguze polepole zaidi. Tukapunguza polepole zaidi. Malori yakanyamaza. Maziwa yakakauka. Na asubuhi moja aliniita kutoka bafuni kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, nimletee pedi. Baba yake alikuwa uani anakunywa chai. Aliendelea kunywa.

Bado ni mnene kuliko anavyotaka. Bado mkono wake hutetemeka kidogo akiandika. Daktari hajatutajia bei ya mwisho, na siku za mitihani mimi bado nasikiliza anavyopumua akilala. Kuna siku nahisi kufuli lile liko mahali fulani, linanisubiri. Lakini tunakaa na geti wazi.

Majuzi, siku ya soko, mama mmoja alisimama mbele ya mawese yangu. Kitenge chake kilikuwa cha upande wa Butembo. Hakuuliza bei, hakuonja, alishika tu mfuniko wa dumu akiufungua na kuufunga. Sasa nawatambua. Wanaonunua hulalamika, hawa huja kimya.

"Mama," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, "banasema muko na mutoto mwenye anameza dawa. Mwanangu wa kiume hajalala tangu juzi. Banamupatia vidonge lakini minaogopa."

Nikavuta pumzi nianze kumweleza: shingo, njaa, kwenda kubishana na daktari. Masika alikuwa nyuma yangu, ameinama anajaza chupa kwa faneli.

"Ana miaka mingapi?" aliuliza bila kuinuka.

"Kumi na ine."

"Kliniki anaingia na nani?"

"Na mimi, na baba yake, na kaka yake mukubwa."

"Aingie peke yake kwanza," Masika alisema. "Nyinyi mtaingia baadaye. Kuna vitu hatasema mkiwa pale. Na akikuambia jambo la ajabu kuhusu mwili wake, usimbishie. Kamuulize daktari."

Yule mama alisogea. Akanipita mimi na madumu yangu, akachutama karibu na faneli, akamwambia Masika, "Nielezee tena, dada. Polepole."